Kiungo cha Kijivu

Kwaruu! Mkwaruzo ule mdogo ukarudi masikioni mwa Salha gizani. Alikuwa ameziba dirisha kwa kanga, mchana kweupe, ili aone kama kuna cheche ndani ya kikuza sauti alichokiunda mwenyewe. Cheche hakuiona. Aliona tu valvu mbili za kioo, zile taa za kukuzia sauti, zikiwaka kama makaa.

“Mama Raziki, unafuga kuku humo?” mumewe akamtania mlangoni.

“Subiri, Baba Raziki. Leo nawachinja.”

Alicheka, ila roho ilimuuma. Sauti ya marehemu mama yake ilikuwa imefifia kwenye kanda, na bila chombo hiki Raziki asingeisikia kamwe. Kila walipojaribu, mkwaruzo ulimshtua mtoto, akavua hedifoni.

Akachukua kijiti cha mshikaki, akagonga viungo vya nyaya alivyovilehemu, kimoja baada ya kingine. Kimya. Kimya. Kwaruu!

“Kumbe ni wewe!”

Akafungua dirisha. Kiungo kilikuwa cha kijivu, hakina mng'aro wa wenzake. Alikilehemu siku ambayo mkaa wa kupashia chuma cha kulehemu ulikuwa umepoa, risasi ya kuunganishia ikaganda juujuu bila kuushika waya. Akachomoa umeme, akangoja uliobaki ndani uishe, kisha akakiyeyusha upya kwa chuma chenye moto wa kweli mpaka kikang'aa.

Akawasha, akagonga. Kimya. Akagonga kwa nguvu. Kimya!

“Kuku wamekwisha!” akapiga kigelegele.

Akamvika Raziki hedifoni, akaweka kanda. Mtoto akatulia, mdomo wazi, kidole kimoja hewani.

“Mama, Bibi anavuta pumzi kwanza, halafu anaimba.”