Papa Hakusimama

Askofu aliita jina lake mara ya pili, lakini Kahindo hakuweza kwenda, kwa sababu baba yake alikuwa amemshika mkono.

Desturi ilijulikana. Siku ya nadhiri za daima za usista, mzazi humsindikiza binti yake hadi altareni na kumkabidhi kwa Mungu mbele ya watu wote. Jana yake, hapa hapa Butembo, masista waliwafundisha wazazi kila hatua, na Papa aliitikia yote.

Sasa alikuwa amekaa kwenye benchi, vidole vyake vya mkulima wa kakao vimefunga kiganja cha Kahindo, kucha nyeusi hadi nyamani.

"Simama, Papa. Batu banatuangalia."

"Baangalie tu. Mungu alinikamatia bandugu zako bote babili kule Beni, mu shamba. Na weye anakutaka?"

"Haikuwa Mungu, Papa. Ni batu njo balibaua, kwa kupenda kwabo."

"Basi, na miye niko mutu," alisema polepole. "Na miye niko na kupenda kwangu."

Kwaya ilirudia ubeti ili kuwapa nafasi. Kahindo akaanza kuvifungua vidole vile kimoja kimoja. Kidole gumba kiligoma. Cha pili alikivuta kwa nguvu hadi mzee akakunja uso.

Alipofika cha tatu, Papa aliachia vyote mwenyewe, akauweka mkono gotini.

"Enda, mama," alisema. "Miye siko nakufunga."

Njia ya altareni ilikuwa wazi. Kahindo akaketi kando ya Papa.