Kijana Aliyeshika Mlango

"Nani amewaambia muandike?" Mama Stopu aliuliza. "Tazameni kwanza."

Darasa likaweka kalamu chini. Ukutani picha ilikuwa imeganda: ukumbi wa posta, foleni ya watu, na kijana mwenye shati la bluu aliyeushika mlango wa kioo ili mzee mwenye mkongojo atoke.

Wanafunzi wa chuo walimpa mwalimu wao jina hilo la Mama Stopu kwa sababu hakuna filamu iliyopita mikononi mwake bila kusimamishwa. Walisema hata siku ya harusi yake bwana harusi alisimamishwa mlangoni achambuliwe kwanza. Mwenyewe alilijua jina hilo wala hakulikataa. Mwalimu asiye na jina la utani, alisema, bado hajafundisha.

Filamu ya leo ilihusu mauaji ya bunduki na wanasiasa wanaoyazungumzia. Walikuwa wameshamwona mheshimiwa mmoja mbele ya vipaza sauti, akisema bunduki haijifyatui yenyewe, tatizo ni malezi. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," alimalizia, akakunja karatasi yake na kuondoka. Baada yake ndipo ilipokuja picha ya kamera ya ulinzi ya posta, haina sauti, asubuhi ya siku watu walipouawa mle ndani.

Kila mwaka Mama Stopu alisimamisha hapo. Akishamaliza uchambuzi aliruka kipande kinachofuata, akaenda moja kwa moja bungeni kwenye mjadala wa sheria. "Damu tutaisoma, hatutaitazama," aliwaambia, nao walimwelewa.

Lakini leo ilikuwa mara ya mwisho. Mkuu wa idara alikuwa amemsimamisha kwenye korido, kikombe cha chai mkononi, akamwambia filamu imezeeka, muhula ujao wataleta nyingine. "Usijali, dada, hiyo mpya ni nzuri zaidi." Mwalimu akajibu sawa. Kisha akajifungia chooni akalia, akanawa uso, akaja kufundisha.

Maana kijana mwenye shati la bluu alikuwa mwanawe wa pekee. Shati lile alilipiga pasi yeye mwenyewe asubuhi ile. Baada ya msiba mumewe alizichoma picha zote za nyumbani kwa uchungu, na walipoachana yeye akahamia mji huu, ambako hakuna aliyemjua. Picha iliyobaki ni hii ya ukutani. Na waliobaki kumsemea mwanawe neno jema ni hawa watoto wa watu, mara moja kwa mwaka, bila kujua wanamsema nani.

"Haya. Mnaona nini?"

"Foleni," mmoja alisema. "Watu hawana habari kabisa."

"Mimi namwona huyo kijana," alisema binti aliyekaa karibu na dirisha. "Wote wanatazama simu zao. Ni yeye tu aliyemwona mzee."

"Unaweza kushika mlango kwa kujionyesha tu. Nipe ushahidi."

"Ameushika kwa mikono miwili, mwalimu. Begi lake linaonekana zito, linamteleza begani, na bado hajauachia. Na ameinama kidogo, kama anamwamkia mzee. Huyo hajui kama kuna kamera. Huyo amelelewa."

Mwalimu aliugeukia ubao, akaandika: *Amelelewa.* Alibaki ameelekea ubaoni, akijifanya anaikoleza herufi ya mwisho.

"Basi mheshimiwa kajibiwa," alidakia mcheshi wa viti vya nyuma. "Malezi anayoyatafuta si hayo hapo? Aje aseme sasa!"

Darasa likacheka, wengine wakagonga meza. Binti wa dirishani hakucheka.

"Mwalimu, alipona?"

"Nani?"

"Huyo wa mlangoni."

"Hakupona, mwanangu."

Kicheko kikakatika. "Maskini," mtu akasema. Binti akajifuta macho kwa mkono wa sweta. "Mama yake, jamani. Sijui analalaje."

Mwalimu akashika ukingo wa meza. Hakuna mtu aliyewahi kumlilia mwanawe mbele yake. Hata makaburini walikuja watu wa kuhesabika, wakafukia haraka, wakaondoka macho makavu. Na sasa huyu, asiyemjua hata kwa jina, analia. Aliyatamani machozi yale kuliko kitu chochote duniani. Lakini machozi ya mtu aliyefichwa nusu ya habari angeyapeleka wapi?

Akachukua rimoti.

"Leo haturuki," alisema. "Tutaona mpaka mwisho. Ila nina ombi. Mkishaona, hilo neno la ubaoni asilifute mtu."

"Tulifute kwa nini, mwalimu?"

Akabonyeza.

Mzee akatoka, akainua mkongojo wake kushukuru. Kijana akamsindikiza kwa macho mpaka alipovuka barabara salama. Kisha akaurudisha mlango taratibu, akausukumia komeo kwa ndani, akashusha begi sakafuni na kutoa bunduki.