Mahari ya Kulusumu

Gunia la kumi la sukari liliposhushwa barazani, Mzee Sulait alijua ameshindwa. Mtaa mzima wa Mpumudde ulikuwa na miezi haujaonja sukari. Yeye alitaja magunia kumi makusudi, ili afande aliyemtaka binti yake akwame.

Mwaka ule, nchi ikiwa mikononi mwa wanajeshi, kumwambia ofisa wa jeshi hapana kulikuwa ni kujichimbia kaburi. Kwa hiyo Sulait hakukataa, alipandisha bei tu. Kwanza alisema binti yake haolewi na Mkristo. Kesho yake Afande Matia akaja na kanzu mpya, anacheka, anataka achaguliwe jina la Kiislamu. Ndipo mzee akakimbilia sukari, na sasa sukari hiyo hapo.

Kulusumu, binti mwenyewe, alikuwa nyuma ya pazia, anasikia yote. Alimwogopa mtu yule, na alimchukia kwa moyo wake wote. Akajitanda mtandio, akatoka.

"Afande, hiyo sukari ni ya baba," alisema. "Kwetu Waislamu, mahari anataja bibi harusi mwenyewe, na hakuna wa kuipunguza."

Matia akamwambia ataje.

"Kaka yangu Jafar. Ulete yeye, muzima."

Jafar alitiwa na askari kwenye buti ya gari miezi minane nyuma, siku ya soko Buwenge, na waliotiwa kwenye buti hawakuwa wakirudi. Hiyo ndiyo bei aliyoitafuta Kulusumu, bei isiyolipika. Matia akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga. Kwa siku tisa nyumba ile ilipata usingizi.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, Landrova ilisimama uani. Matia alishuka anajisifu: amehangaika hadi Mbale, amegonga milango ya wakubwa, na mambo yamekuwa. Nyuma yake akateremshwa kijana mwenye kipara kibichi, uso umevimba, amebaki mifupa. Kijana akasimama palepale alipowekwa.

Mama mtu, Nangobi, alifungua mdomo. Kulusumu akamshika mkono, akaubana mpaka mama akaufunga.

"Nyinyi angalia muzuri," Matia alisema. "Kule watu ni mingi. Kama si yeye, sema tu. Mimi narudisha yeye leo leo."

Kulusumu alielewa mara moja. Neno moja tu, "siye", na mahari ingekuwa haijalipwa. Angebaki kwao, huru, na pale uani hakuna ambaye angemlaumu. Baba yake alikuwa amemkazia macho ya kumsihi, na yeye alijua vizuri anamsihi nini.

Akamwangalia yule kijana. Suruali yake ilikuwa imelowa. Akimkana, kijana huyu angerudishwa akauawe.

"Mbona yeye hasalimu nyinyi?" Matia aliuliza taratibu. "Mulango ya kwao pia hajui?"

"Miezi minane gizani, afande. Hata wewe ungesahau."

Akamwendea, akamkumbatia mbele ya wote, akalia. Kilio kile kilikuwa cha kweli.

"Jafar," alisema. "Karibu nyumbani."

Mzee Sulait akaketi chini kwenye vumbi, pale pale, na kanzu yake nyeupe. Matia alimwinua, akampiga piga begani, akamwita baba mkwe. Akasema yeye ni mtu wa kulipa, kila mtu ameona, na ndoa itafungwa Ijumaa hii baada ya swala. Mzee alipoitikia kwa kichwa, Matia akapanda Landrova na kwenda zake.

Kulusumu alimwongoza kijana ndani, akamkalisha mkekani, akamletea uji. Kijana alishindwa kushika kikombe, basi Kulusumu akamnywesha mwenyewe, polepole. Nje mama alikuwa ameanza kulia, kilio cha msiba. Kijana akameza, akameza tena, kisha akainua macho kwa mara ya kwanza.

"Dada," alinong'ona, "huyo Jafar ni nani?"