Ubeti wa Tatu

"Simama hapo! Huo ubeti umeutoa wapi?"

Wimbo ukakatika. Kutoka kwenye ngoma kubwa katikati ya jukwaa, shemeji wa mwongozaji wa mchezo, mdogo wa mkewe, akachomoza kichwa. Yeye ndiye aliyeigiza binti aliyefungiwa ngomani na zimwi, akilazimishwa kuimba kila ngoma inapopigwa.

"Nimeusikia tu, shemeji."

"Kwa nani?"

"Nikikwambia hutaniamini."

Mwongozaji aliuma meno. Hadithi ile alisimuliwa na mama yake utotoni, naye akaigeuza mchezo wa kisasa, zimwi likavaa suti na tai. Wimbo wake alikumbuka beti mbili tu. Wa tatu ulikuwa umempotea, na siku hizi hapakuwa tena na wa kumuuliza. Leo aliposikia mstari wa kwanza tu, aliutambua.

Kikundi cha upande wa pili wa mji nacho kilikuwa kimetangaza mchezo wa zimwi. Bila shaka huko kulikuwa na mtu aliyeijua hadithi. Bila shaka shemeji alikuwa akichota huku na kupeleka kule.

"Mdogo wako anatuuza," alimwambia mkewe jioni.

"Acha wasiwasi wako! Asubuhi yuko hapa nyumbani na mgonjwa, mchana yuko kwako. Ataonana nao saa ngapi?"

Jibu hilo ndilo lililomnyima usingizi. Asubuhi, wao wawili wakishatoka kwenda kazini, nyumba hubaki mikononi mwa shemeji.

Kesho yake aliaga kama kawaida, akazunguka mtaa, akarudi kupitia mlango wa nyuma, viatu mkononi.

Katika chumba cha uani mtu alikuwa anaimba. Ubeti wa tatu. Kisha ukaja wa nne, ambao hata yeye hakuujua. Sauti haikuwa ya shemeji. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, ya mtu mzima.

Kumbe wamethubutu kuja mpaka kwangu! Leo nimewanasa.

Akausukuma mlango.

Shemeji alikuwa amesimama na kitana mkononi, midomo ameifumba, machozi yanamtiririka. Mbele yake, kwenye kiti cha magurudumu, nywele zikiwa zimechanwa nusu, aliyekuwa akiimba ni mama yake mwongozaji, ambaye tangu apatwe na kiharusi hakuwa ametamka neno lolote, hata jina la mwanawe.