Yangeyange Aukataa Mwezi

Siku wanyama walipokutana kutunga wimbo wa kuupokea mwezi mwandamo, Yangeyange, ndege wa shingo ndefu, alipandwa na hasira.

"Mwezi usifiwe kwa lipi?" alifoka. "Nyota huwaka kwa moto wake mwenyewe. Sayari, kama hii Dunia yetu, haina moto, lakini angalau hulizunguka jua lenyewe. Mwezi je? Mwanga wa kuazima, na kazi yake kuizunguka Dunia, ambayo nayo inalizunguka jua! Mfuasi wa mfuasi, halafu aimbiwe?"

Wanyama wakakubaliana naye. Wakapitisha sheria: amzungukaye mwenzake asiimbiwe, wala asikalie jamvi la mbele.

Yangeyange akakung'uta manyoya yake meupe, yakang'aa juani, akaliendea jamvi la mbele. Nungunungu, mlinzi wa baraza, akamzuia kwa miba.

"Nyuma, bwana."

"Mimi? Mimi niliyeidai sheria yenyewe?"

"Nyati huzifuata nyasi, nawe humzunguka Nyati kutwa, ukidokoa panzi anaowatimua. Na huo weupe wako, jua likizama nani anauona?"

"Nimeonewa! Mimi simfuati mtu!"

Nyati, aliyechoshwa na kelele, akainuka akaenda zake malishoni. Yangeyange akamtazama akitokomea, tumbo likamnguruma. Kisha akaondoka nyuma yake, hatua kwa hatua, akifoka njia nzima kwamba yeye hamfuati mtu.