Bi Mkoba Anajifunza Kusoma

"Hii ni nini?" aliuliza fundi saa, akigonga ubao kwa chaki.

"Kijiko," alijibu Bi Mkoba bila wasiwasi wowote.

"Bibi, hiyo ni herufi b."

"Basi imechorwa kama kijiko."

Fundi alifuta jasho. Darasa lilikuwa na madawati ishirini na mwanafunzi mmoja tu, huyo bibi wa miaka sabini na ushei, na mkoba wake mkubwa asioubandua ubavuni. Wiki ya pili ilikuwa inakatika, naye hajashika hata herufi tano.

Na fundi hakuwa na pengine pa kwenda. Duka lake la kutengeneza saa lilikufa mwaka juzi, watu walipoona simu zinatosha. Tangu hapo alikuwa kwa dada yake, akilalia kochi mpaka likaingia shimo. "Nenda kajitolee mahali," dada alimwambia, "kabla hujaota mizizi humu ndani."

Akaenda. Hospitalini aliona damu akazirai, mgonjwa ikabidi ashuke kitandani ampishe. Kwenye nyumba ya kutunzia wazee alifufua saa ya ukutani iliyonyamaza miaka mingi. Loo! Ikawa inalia kila robo saa, usiku na mchana, mpaka wazee wakaandika barua ya kumkataa, wote wakatia dole gumba.

Mratibu wa wanaojitolea, mama mpole asiyeishiwa na fomu, alichomoa nyingine.

"Fundi, hii ni ya mwisho. Kuna bibi mmoja wa kufundishwa kusoma. Wiki sita. Akisoma ukurasa mzima mbele yangu, nakupa darasa lako. Asiposoma, itabidi nifute jina lako."

Fundi aliogopa kwelikweli. Si njaa aliyoiogopa, maana dada hakuwahi kumnyima sahani. Aliogopa kuwa mtu asiyehitajika popote.

Bi Mkoba wala hakumhurumia.

"Mwalimu, mbona mstari wako unapanda mlima?"

"Samahani, bibi."

"Na aliyekaa kule nyuma atayaona hayo maandishi ya sisimizi?"

"Nyuma hakuna mtu, bibi."

"Na siku akiwepo?"

Akafuta, akaandika makubwa. Siku moja uvumilivu ulimwisha, akamkaripia. Bibi alifunga daftari, na kesho yake alikuwa amesahau hata herufi alizozijua. Alikuwa na vituko huyo! Fundi akiharakisha, bibi anakosea. Akitulia, anapatia. Akizidisha maelezo, anasinzia kabisa, na mdomo wazi.

Wiki ya nne, fundi akiwa amekata tamaa, alitoa saa mbovu mfukoni, akaifungua juu ya dawati la bibi.

"Tazama, bibi. Ukiitazama yote kwa mpigo utachanganyikiwa. Toa kidude kimoja, kitazame, toa kingine. Na neno ni hivyo hivyo." Akaandika "kalamu", akalivunja: ka, la, mu. Akaliunga tena.

Bi Mkoba aliegemea mbele. Kwa mara ya kwanza hakuuliza swali.

"Hapo sasa," alisema taratibu. "Hapo umenifikia."

Kuanzia siku hiyo maneno yalianza kumwingia.

Siku ya mtihani mratibu alikaa dawati la nyuma kabisa. Bibi alifungua kitabu, hadithi ya mbuzi aliyekula kofia, akasoma huku kidole kikifuata mstari. Nusu ya ukurasa ilipita salama. Kisha akakwama kwenye neno moja refu.

Neno lilimjaa fundi mdomoni. Alitamani kumsaidia, lakini akauma mdomo, akangoja. Bi Mkoba alimtupia jicho, akaona amenyamaza. Akalivunja lile neno vipande, akaliunga, akaendelea mpaka nukta ya mwisho.

"Jamani, kasoma!" Fundi alilia mbele yao bila aibu. Mratibu akamkabidhi daftari la mahudhurio lenye majina ishirini na mawili, aanze Jumatatu. Alitoka mbio kwenda kumwambia dada yake, kofia akaisahau juu ya meza.

Mratibu akafunga mlango. Bi Mkoba akatoa mkobani miwani ya kusomea, kalamu nyekundu na fomu, akaijaza ukurasa mzima bila kuinua mkono.

"Anafaa," alisema. "Wengi huwa wanalidakia lile neno. Huyu kasubiri. Na mstari wake umenyooka. Nani anafuata?"

"Kinyozi. Ana haraka, halafu anafoka."

Bi Mkoba alishusha pumzi, akavua miwani.

"Haya. Jumatatu naanza tena kutojua kusoma."