Bangili ya Mgeni

"Mtoto hatoki," bawabu alisema, mkono wake juu ya komeo la lango.

Mwanamume aliyekuwa mbele ya foleni akamhamisha mtoto kutoka bega hili kwenda lile. Alikuwa amemviringisha kwa taulo kubwa lililolowa, utosini mpaka nyayoni, na mtoto amelala fofofo.

"Kaka, nimeshakwambia, bangili yake imechopoka bwawani. Yangu si hii hapa? Mama yake yuko kwenye basi, na basi linaondoka."

"Mtoto wa mgeni hatoki bila bangili. Twende ofisini watangaze kwenye kipaza sauti, ni muda mfupi tu."

"Huo muda mfupi sina."

Nyuma yake, Mama Redio akaguna kwa sauti ya kusikika. Jina hilo alipewa na mawifi zake, kwa sababu habari ikimfikia asubuhi, adhuhuri mtaa mzima umeshaimeza. Naye alilipenda. Lakini bustani hii ya michezo ilikuwa imemkaa kooni tangu alipofika. Wenyeji walikuwa na mlango wao: wanaonyesha kitambulisho, wanaingia, wanatoka, wanarudi, kama wako sebuleni kwao. Wageni wa kutoka mbali, kina yeye, walipangwa juani na kuvishwa bangili nyekundu za mpira zenye vitundu kama mkanda wa saa, wakubwa kwa wadogo.

"Ng'ombe wa mnada nao hupigwa chapa," aliwaambia waliopangwa naye, wakacheka mpaka wakalisahau jua.

Ya mjukuu wake aliivua mara tu walipoingia. Ilikuwa imembana, imemwachia mchirizi. "Mume wangu hafungwi pingu mimi nipo," alisema, akaitumbukiza mkobani.

Sasa mume wake huyo, ambaye hata kuvaa viatu alikuwa bado hajui, alikuwa amechoshwa na bembea na pamba ya sukari, akalala kwenye benchi nyuma ya kibanda cha aiskrimu. Upepo ukageuka baridi. Blanketi lilikuwa limebaki kwenye basi. Mama Redio alijua atakachoambiwa getini: mgeni akitoka katoka, akitaka kurudi akate tiketi upya. Alikuja amejiandaa kwa ugomvi.

"Mwangalie," alimwambia binti yake, aliyekuwa amesimama kwenye foleni ya aiskrimu.

"Nenda, Mama, namwona," binti alijibu, macho kwenye simu.

Akapitia msalani kwanza, nako kulikuwa na foleni, na kumbe getini ugomvi ulikuwa umeshaanza bila yeye.

"Fungua, bwana!" mtu akafoka huko nyuma. "Mtoto ataugua kifua!"

"Hawa wana roho ya chuma," Mama Redio akadakia. "Mwenyeji saa hizi kashafika kwake, kala, kajilalia. Mgeni ndiye wa kupekuliwa kama kuku wa kuibwa."

Foleni ikaangua kicheko. Bawabu hakucheka.

"Mama, kanuni hii haikuwekwa kwa ubaya. Mwaka juzi, hapa hapa ulipo..."

"Mwaka juzi! Mwaka juzi mimi nilikuwa na meno yote! Tuambie ya leo."

Kicheko kikapanda. Bawabu akanywea. Yule mwanamume naye hakucheka. Jasho lilimtiririka shingoni katika baridi ile, na Mama Redio akamwonea huruma. Akasogea.

"Lete nimfunike vizuri, baba. Ninyi wanaume mnabeba mtoto kama gunia la mkaa."

Mwanamume akarudi nyuma. "Usimwamshe, mama."

"Nani amwamshe? Nimelea saba mimi. Na wangu ndivyo alivyo, akilala hata ngoma haimwamshi."

Akapenyeza mkono chini ya taulo, bangili ya mjukuu wake ameificha kwenye vidole. Akapapasa akakipata kiganja: kidogo, kikavu, cha moto, kinanata sukari. Watoto wote ni wamoja, akawaza, na moyo ukamlainika. Bangili ikafunga kwenye tundu la tatu, ikakaa kana kwamba mkono ule ulishapimwa.

"Si hii hapa!" akapaza sauti, akikifunua kifundo cha mkono kidogo tu, rangi nyekundu ionekane. "Ilikuwa imepanda juu huko. Wanaume mkipoteza kitu mnakitafuta kwa mdomo!"

Bawabu akaigusa bangili. Akamtazama mwanamume, kisha akamgeukia Mama Redio.

"Mama, umeikuta mkononi mwa mtoto?"

"Kwani mimi mchawi, niitoe wapi?"

Komeo likainuliwa.

Mwanamume hakusema hata ahsante. Alipita kwa haraka, akayapita mabasi yote yaliyopangwa nje, akaelekea kwenye gari dogo lililokuwa likinguruma pembeni, mlango wake wa nyuma ukiwa tayari wazi.

Foleni ikapiga makofi. Mtu akamgonga Mama Redio begani: "Una huruma wewe, mama, Mungu akuweke." Akacheka, akajiweka sawa mkoba, akamgeukia bawabu ili sasa waanze yake.

"Mama!"

Binti yake alikuwa akija anapenya katikati ya watu, aiskrimu tatu mkononi, zinamchuruzikia mpaka kwenye kiwiko.

"Chukua, mpe mumeo yake kabla haijayeyuka," alisema, akichungulia nyuma ya mgongo wa mama yake, kulia, kisha kushoto. "Nimekuta benchi tupu, nikajua umembeba."

Kwenye vidole vya Mama Redio, sukari ilikuwa bado inanata.